Ramani ya Uwezekano na Ushahidi wa Uwepo: Matumizi ya Mfumo wa Taarifa za Kijiografia katika Kubaini Vijito Vinavyoweza Kuwa Makazi ya Samoni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi Mfumo wa Taarifa za Kijiografia (GIS) unavyotumika kubaini vijito vinavyoweza kuwa makazi ya samoni katika upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini, hususani katika majimbo ya Alaska, Oregon na Washington. Mkazo umewekwa kwenye modeli ya uwezekano wa asili, ambayo hukipima kijito kwa mteremko wake, upana wa bonde lake na wingi wa maji yake. Makala yanaonesha kwamba ramani inayotokana na modeli hiyo hujibu swali la mahali ambapo samoni angeweza kuishi, ilhali sheria ya Alaska huuliza mahali ambapo samoni amethibitika kuwepo. Katika pengo lililopo baina ya maswali hayo mawili ndipo vijito vingi vinapokosa ulinzi, na ndipo thamani ya ramani inapopaswa kupimwa.

1.0 Utangulizi

Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi katika mto aliozaliwa ili kutaga mayai na kufa. Msomaji anayemfahamu ningu wa Ziwa Viktoria, ambaye hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga, atakuwa na picha ya karibu ya safari hiyo, ingawa ningu hatoki baharini wala hafi baada ya kutaga. Istilahi moja inahitaji tahadhari tangu mwanzo. Kiswahili huyaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi", hata pale yanapokuwa na uvuguvugu. Kwa kuwa samoni huhitaji maji yasiyo na chumvi na yenye ubaridi halisi kwa wakati mmoja, makala haya yanatumia "maji baridi" kwa maana ya halijoto tu.

Katika jimbo la Alaska, ulinzi wa makazi ya samaki huyu umefungamanishwa na orodha. Kifungu cha 16.05.871 cha sheria za jimbo hilo kinamtaka kamishna wa idara inayosimamia samaki na wanyamapori abainishe mito, maziwa na vijito vilivyo muhimu kwa kutaga, kukulia au kupita kwa samaki wanaohama kati ya bahari na mto. Mtu anayetaka kupitisha mitambo ndani ya maji yaliyobainishwa, kuyachepusha, au kubadili sakafu ya mto, hana budi kupata kibali kwanza. Katalogi ya maji hayo ina karibu maingizo 20,000. Idara yenyewe, kwa kutegemea mabonde machache yaliyochunguzwa kwa kina, inaamini kwamba idadi hiyo ni chini ya nusu ya maji yanayotumiwa na samaki hao.

Takwimu hiyo ndiyo inayolipa suala la ramani uzito wake. Kijito kisichokuwemo katika katalogi si lazima kiwe hakina samoni. Mara nyingi ni kijito ambacho hakuna mtafiti aliyewahi kufika akiwa na wavu. Alaska ina ukubwa unaokaribia mara mbili ya Tanzania, barabara zake ni chache, na sehemu kubwa ya vijito vyake hufikiwa kwa ndege ndogo au helikopta pekee. Hakuna bajeti itakayotosha kuvikagua vyote kimoja kimoja. Swali linalobaki ni wapi pa kuanzia, na ni katika swali hilo ambapo GIS imepewa kazi.

2.0 Kijito anachokihitaji samoni

Jina "samoni" hufunika spishi tano zinazopatikana katika mito ya Alaska: chinuku (Oncorhynchus tshawytscha), koho (O. kisutch), sokai (O. nerka), samoni waridi (O. gorbuscha) na chamu (O. keta). Mahitaji yao ya mwanzo yanafanana. Jike huchimba shimo katika changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafunika mayai. Maji hayana budi kupenya katikati ya mawe ili kuyafikishia oksijeni. Tope laini likijaza nafasi hizo, mayai hukosa hewa.

Baada ya mayai kuanguliwa, njia zao hutengana. Vifaranga vya samoni waridi na chamu huelekea baharini mapema. Sokai kwa kawaida hukulia ziwani. Koho hukaa kijitoni mwaka mmoja au zaidi, na kwa hiyo maisha yake yote ya utotoni hutegemea umbo la kijito: vidimbwi vyenye kina, magogo yaliyoanguka majini, mikono ya pembeni yenye mkondo wa polepole, na mabwawa yanayojengwa na biva, mnyama mgugunaji anayeziba vijito kwa matawi na tope. Vifaranga vya koho huingia hata katika vijito ambavyo mtu mzima huvivuka kwa hatua moja. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu vijito vya namna hiyo aghalabu havimo hata kwenye ramani za kawaida, seuze katika katalogi.

Spishi ya sita inastahili kutajwa, kwani modeli itakayojadiliwa ilijengwa kwa ajili yake pamoja na koho. Stilihedi ni trauti (O. mykiss) anayehamia baharini. Ni spishi ileile ya trauti waliopandikizwa na wakoloni katika vijito vya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, tofauti ikiwa ni kwamba wale wa Kenya humaliza maisha yao bila kuiona bahari. Stilihedi huvumilia mkondo wenye kasi na mteremko mkubwa kuliko koho. Kutokana na tofauti hizi, ramani moja ya "makazi ya samoni" haiwezi kuwatosheleza wote. Kila spishi inahitaji ramani yake, na ramani isiyotaja spishi inayohusika inapaswa kusomwa kwa mashaka.

3.0 Kutoka miinuko hadi mtandao wa vijito

Malighafi ya kazi hii ni modeli ya miinuko ya kidijitali, yaani ardhi iliyogawanywa katika seli za mraba, kila seli ikibeba namba moja ya kimo chake kutoka usawa wa bahari. Vijito havimo katika data hiyo. Huzalishwa kwa hesabu. Kwanza, mashimo ya bandia yanayotokana na makosa ya upimaji hujazwa ili maji yasikwame. Kisha kila seli huulizwa maji yake yataelekea wapi. Kanuni iliyoenea zaidi, iliyochapishwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984, huyaelekeza maji yote ya seli kwa jirani mmoja kati ya wanane, yule ambaye mteremko wa kumwendea ni mkali kuliko wengine. Hatimaye huhesabiwa seli zote zinazomwaga maji yake katika seli husika. Idadi ikivuka kizingiti kilichowekwa na mtafiti, seli hiyo hutangazwa kuwa kijito.

Kizingiti hicho ni uamuzi wa mtafiti, wala si kipimo kinachotoka kwenye ardhi. Kwa mfano, kwenye seli za mita 5, kizingiti cha seli 10,000 kina maana kwamba kijito huanza pale kidakio chake kinapofikia hekta 25. Katika bonde lenye mvua nyingi na udongo usiopitisha maji, kijito halisi huweza kuanza juu zaidi ya hapo. Katika ardhi ya changarawe, huweza kuanza chini sana. Watafiti wengi hukirekebisha kizingiti kwa kulinganisha na vyanzo vya vijito walivyovitembelea, na tasnifu isiyoeleza namna kizingiti chake kilivyochaguliwa huwa imeacha wazi hatua inayoamua idadi ya vijito vyote vitakavyofuata.

Ubora wa miinuko una athari kubwa zaidi. Kwa miaka mingi data ya Alaska ilikuwa na seli zenye upana wa takribani mita 60, na mistari ya mito ilitokana na ramani za karatasi za kipimo cha 1:63,360, ambazo nyingi zilichorwa kutokana na picha za angani za katikati ya karne iliyopita. Chini ya msitu, mchoraji hakuweza kuona kijito, kwa hiyo hakukichora. Kuanzia mwaka 2010 jimbo lilianza kupimwa upya kwa rada iliyofungwa kwenye ndege, na matokeo yake ni modeli yenye seli za mita 5. Seli moja ya zamani inabeba eneo la seli 144 za sasa. Kitu kilichokuwa namba moja, yaani kimo kimoja cha wastani, sasa kina umbo: ukingo, kitako cha bonde, na hata mkunjo wa kijito chenyewe.

Mtandao ukishapatikana, hukatwa vipande vifupi, na kila kipande hupewa safu yake katika jedwali la sifa: mteremko, upana wa bonde, eneo la kidakio, mvua ya mwaka. Kuanzia hapa, kijito kinakuwa kitu kinachoweza kupewa alama.

4.0 Modeli ya uwezekano wa asili

Modeli iliyoathiri sana uwanja huu ni ile iliyoendelezwa na Kelly Burnett na wenzake kwa ajili ya milima ya pwani ya Oregon, na kuchapishwa katika umbo lake linalofahamika zaidi mwaka 2007. Swali lao lilikuwa finyu kwa makusudi: ni vipande vipi vya mito vinaweza, kwa maumbile yake, kutoa makazi bora ya kukulia vifaranga vya koho na stilihedi? Vigezo vitatu vilichaguliwa. Cha kwanza ni mteremko wa mkondo. Cha pili ni kiasi ambacho bonde linaubana mto, kinachopimwa kwa uwiano wa upana wa sakafu ya bonde na upana wa mkondo wenyewe. Cha tatu ni wastani wa mtiririko wa maji kwa mwaka, unaokadiriwa kutokana na eneo la kidakio na mvua.

Vigezo hivi havikuchaguliwa kwa sababu ndivyo pekee vinavyomhusu samaki. Vilichaguliwa kwa sababu havibadiliki upesi. Msitu hukatwa na kuota tena, magogo huondolewa, maji hupata joto au kupoa, lakini mteremko wa bonde hudumu kwa karne nyingi. Neno "asili" katika jina la modeli lina maana hiyo: uwezo uliomo katika umbo la ardhi, bila kujali hali ya leo.

Kila kigezo hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 1 kwa kutumia mchirizo mahususi wa spishi. Koho hupata alama za juu kwenye mteremko mdogo na mabonde mapana, ambako mto una nafasi ya kutapakaa na kufanya mikono ya pembeni. Stilihedi hupata alama za juu kwenye mteremko wa kadiri na mabonde yaliyobana. Baada ya hapo alama tatu huunganishwa kwa wastani wa kijiometri: huzidishwa, kisha hutafutwa kipeo cha tatu cha zao lake.

Uchaguzi wa wastani huo unaeleza mengi kuhusu fikra iliyo nyuma ya modeli. Tuseme kipande kimepata 0.9 kwa mtiririko, 0.8 kwa upana wa bonde, na 0.1 kwa mteremko. Wastani wa kawaida ungekipa 0.6, alama inayoonekana kuwa nzuri. Wastani wa kijiometri unakipa takribani 0.42. Na kama alama ya mteremko ingekuwa 0, matokeo yote yangekuwa 0. Kwa maneno mengine, wingi wa maji haufidii ukali wa mteremko, kama vile chumvi ya kutosha isivyofidia chakula kilichoungua. Kwa samaki mdogo anayehitaji mahitaji yote kwa pamoja, hesabu hii ina mantiki zaidi kuliko ile ya kujumlisha na kugawanya. Vipande vilivyofikia alama ya 0.75 au zaidi ndivyo vilivyotajwa kuwa na uwezekano mkubwa.

Ramani hiyo ilipowekwa juu ya ramani ya umiliki wa ardhi, ilionesha jambo ambalo hesabu za samaki peke yake zisingeonesha. Sehemu kubwa ya vipande bora vya koho ilikuwa katika mabonde ya chini yenye ardhi ya watu binafsi, wakati vile vya stilihedi vilielekea zaidi kwenye milima yenye misitu. Mabonde mapana na tambarare yanayomfaa koho ndiyo hayohayo yanayomfaa mkulima, mfugaji na mjenzi wa barabara. Katika eneo la Tillamook, kwa mfano, tambarare za karibu na bahari ziliwekewa matuta ya kuzuia maji na kugeuzwa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Modeli inapoipa tambarare kama hiyo alama ya juu, haisemi kwamba koho yumo. Inasema kwamba hapo palikuwa pake, na kwamba umbo la ardhi bado linamruhusu. Sera inayolinda misitu ya umma pekee humlinda stilihedi kuliko koho, na ni vigumu kuona jinsi hoja hiyo ingejengwa bila kuweka tabaka hizo mbili za ramani moja juu ya nyingine.

5.0 Mahali ramani inapokosea

Makosa ya ramani hizi ni ya aina mbili: kujumuisha kijito kisichofaa, na kukiacha kinachofaa. Chanzo chao kikuu ni kimo. Maporomoko ya mita 3 ndani ya seli ya mita 60 huonekana kuwa mteremko wa asilimia 5, ambao samoni huupanda bila taabu. Maporomoko yaleyale ndani ya seli ya mita 5 huwa asilimia 60, na kizuizi hujitokeza. Hata hivyo, seli ndogo nazo huleta udanganyifu wake. Rada ikigonga vilele vya miti badala ya ardhi, kosa la mita 2 katika umbali wa mita 20 huzaa mteremko wa bandia wa asilimia 10, na kijito chote kilicho juu yake huweza kufutwa kwenye ramani kwa sababu ya kichaka cha misonobari. Kosa hili la pili ni baya zaidi. Kijito kilichojumuishwa kimakosa kitakaguliwa na kuondolewa; kilichofutwa hakitakaguliwa na yeyote.

Barabara huleta tatizo la kipekee. Laida, yaani upimaji wa uso wa ardhi kwa miale ya leza kutoka angani, huliona tuta la barabara kwa usahihi mkubwa, lakini hailioni kalavati lililo chini yake. Kwa kompyuta, tuta ni bwawa. Maji ya modeli hufika hapo, hugeuka, na kufuata mtaro wa barabara hadi bonde jingine. Mtafiti hulazimika kulikata tuta katika modeli, kalavati kwa kalavati, na kazi hiyo ya mkono hula siku nyingi kuliko hesabu zote zilizotangulia. Baada ya kulikata, hubaki swali ambalo modeli haiwezi kulijibu: je, samaki hupita humo? Bomba lililoning'inia nusu mita juu ya maji hupitisha maji bila kumpitisha kifaranga.

Biva huvuruga hesabu kwa njia nyingine. Bwawa lake hugeuza kijito chenye mteremko kuwa ngazi za maji yaliyotulia, makazi bora kabisa ya koho wakati wa majira ya baridi, na hufanya hivyo bila kubadili kitu chochote ambacho modeli inakipima kwa ufasaha. Vivyo hivyo chemchemi zinazopanda kutoka chini ya sakafu ya mto. Chamu huzitafuta kwa kutaga kwa sababu haziruhusu mayai kuganda, nazo hazionekani katika miinuko hata kidogo.

Udhaifu mzito zaidi ni joto. Viwango vya ubora wa maji vya Alaska vinataka joto lisizidi nyuzi 13 za Selsiasi mahali samaki wanapotaga na nyuzi 15 mahali wanapokulia au kupita. Mnamo Julai 2019, Mto Deshka katika bonde la Susitna ulipimwa na kukutwa na joto la zaidi ya nyuzi 27. Deshka ni mto wa ardhi tambarare, wenye mkondo wa polepole na bonde lililo wazi, yaani una sifa zilezile zinazompendeza koho na kuinua alama za modeli. Jua hupasha maji yaendayo polepole kuliko yaendayo kasi. Hivyo modeli iliyobuniwa ili isiathiriwe na mabadiliko ya muda imejikuta ikizipa alama za juu sehemu ambazo mabadiliko ya tabianchi yanazigusa kwanza. Kuongeza tabaka la joto kunawezekana, na watafiti kadhaa wamefanya hivyo, lakini matokeo yake si uwezekano wa asili tena. Ni makadirio ya hali ya wakati fulani, na yanapaswa kuitwa hivyo.

6.0 Uwezekano na uwepo mbele ya sheria

Jimbo la Washington limechukua njia tofauti na Alaska. Kanuni zake za misitu hukiweka kijito katika kundi la maji ya samaki kwa vigezo vya umbo: magharibi mwa jimbo, mkondo wenye upana wa futi 2, takribani sentimita 60, au zaidi, na mteremko usiozidi asilimia 16, huchukuliwa kuwa makazi ya samaki. Si lazima samaki aonekane. Mwenye ardhi asiyekubali anaweza kugharimia uchunguzi wa kuonesha vinginevyo. Mzigo wa uthibitisho, kwa hiyo, uko kwa anayetaka kukata miti.

Mantiki hiyohiyo inaonekana katika shauri la makalavati la Washington. Makabila asilia yenye haki ya uvuvi kwa mikataba ya miaka ya 1850 yalidai kwamba makalavati ya barabara za jimbo yaliyozuia samoni yalikuwa yanaifanya haki hiyo kuwa tupu. Amri ya mahakama ya mwaka 2013 ililitaka jimbo lirekebishe makalavati yake, likianza na yale yenye mita 200 au zaidi za makazi upande wa juu, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wake wakiwa wamegawanyika wanne kwa wanne, iliiacha amri hiyo isimame. Mita 200 hizo ni za makazi ambayo samoni hayupo, kwa kuwa kalavati limemzuia. Mahakama ilikubali kuhesabu uwezekano. Ingehesabu uwepo pekee, kizuizi kingekuwa utetezi wa aliyekiweka.

Alaska huuliza kinyume chake. Kijito huingia katika katalogi baada ya mtu kuwasilisha ushahidi wa samaki aliyeonekana au kukamatwa mahali panapojulikana. Ramani ya modeli, hata ikiwa na alama ya 1, si ushahidi. Mwaka 2018 wapiga kura wa Alaska waliletewa pendekezo ambalo, pamoja na mambo mengine, lingefanya maji yaliyounganika na bahari yahesabiwe kuwa ya samaki wahamao mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama ya juu ya jimbo iliondoa baadhi ya vifungu vyake kabla ya kura, na pendekezo lenyewe lilikataliwa kwa wingi mkubwa mwezi Novemba. Wapinzani walihofia kwamba lingekwamisha migodi, visima vya mafuta na ujenzi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani modeli zina makosa ya kujumuisha na kila kosa lingekuwa gharama ya mtu. Lakini ulinganisho wa gharama hauko sawa pande zote mbili. Kosa la kujumuisha hugharimu siku moja au chache za wakaguzi. Kosa la kuacha huweza kugharimu kijito chenyewe, na kijito kilichofukiwa chini ya kifusi cha mgodi hakirudishwi kwa kuongezwa katika katalogi mwaka unaofuata. Kwa mtazamo wa makala haya, utaratibu wa Alaska unaweza kutetewa iwapo tu ukaguzi utatangulia maombi ya ardhi, na si kuyafuata. Hali ya sasa, ambapo zaidi ya nusu ya kazi bado haijafanyika, inaifanya bahati ya kufikiwa na mtafiti kuwa sehemu ya sheria.

7.0 Ramani kama ratiba ya ukaguzi

Kwa kuwa ramani haikubaliwi kama ushahidi, nafasi yake katika Alaska ni kupanga safari. Vipande vyenye alama ya juu ambavyo havimo katika katalogi hutengwa. Kati ya hivyo, huanza vile vilivyo karibu na maombi ya madini, barabara au ukataji miti. Kisha hupangwa kwa mabonde ili helikopta moja ihudumie vituo kadhaa kwa siku. Uwandani, wakaguzi hutumia mitego midogo yenye chambo cha mayai ya samaki, au mashine inayoduwaza samaki kwa umeme, wakianzia mahali samaki alipokwisha kuthibitishwa na kupanda mpaka wasipompata tena au wakutane na kizuizi. Sehemu ya mwisho ya samaki hurekodiwa kwa majira-nukta ya GPS. Nukta hiyo hurudi kwenye modeli. Koho wakipatikana juu ya mteremko ambao modeli iliwakatalia, mchirizo wa mteremko hurekebishwa kwa bonde hilo.

Ni muhimu vilevile kutenga siku chache kwa ajili ya vipande vyenye alama ya chini. Mpango unaokagua mahali pazuri pekee utaithibitisha modeli daima, kwa sababu hautafuti mahali inapoweza kukanushwa. Wafadhili huona safari hizo kuwa hasara, na ndizo za kwanza kufutwa bajeti inapopungua.

Jambo gumu zaidi ni kuusoma mtego mtupu. Vifaranga vya koho huhama ndani ya mto kwa majira: wakati wa vuli, mvua zinapoanza, huondoka katika mkondo mkuu na kuingia katika mikono ya pembeni, vinamasi na vijito vidogo ambavyo mwezi Julai vilikuwa vitupu au vikavu. Ukaguzi mwingi hufanyika kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa ndipo helikopta huruka kwa usalama na vyuo vikuu huwa na wanafunzi wa kuajiri. Jedwali la sifa lisilo na safu ya tarehe huugeuza mtego mtupu wa Julai kuwa kijito kisicho na samaki kwa mwaka mzima. Tarehe, kina cha maji, joto lake na idadi ya saa ambazo mtego ulikaa majini vinapaswa kuandikwa hata pale ambapo hakuna samaki aliyepatikana, na vipande vya namna hiyo viwekewe alama ya kukaguliwa tena baada ya mvua za Septemba.